Kipwa kijacho, wanafunzi wetu waende kwa wafugaji

Dunia inaijua kobalti ya jimbo letu la Lualaba, Kongo, kwa sababu ya betri. Wachache wanakumbuka kwamba sayansi iligundua kazi ya kobalti katika mwili wa kiumbe hai muda mrefu kabla ya simu za mkononi, na iliigundua malishoni. Miaka ya 1930, magharibi na kusini mwa Australia, kulikuwa na mashamba ambako kondoo na ng'ombe walikonda, wakapauka ufizi na kufa ilhali majani yapo tele. Wataalamu walidhani mifugo inakosa chuma, kwa hiyo watafiti J. F. Filmer na Eric Underwood wakailisha unga wa limonaiti, jiwe lenye chuma kingi. Wanyama wakapona. Ila hesabu ilikataa: nguvu ya dawa haikulingana na kiasi cha chuma kilichomo ndani yake. Wakaendelea kulichambua jiwe hilo hadi mwaka 1935 wakafika kwenye kobalti, chembe ndogo sana iliyojificha humo. Na kulikuwa na ushahidi mwingine uliokuwa ukitembea mbele ya macho ya watu siku zote: farasi waliolisha kwenye malisho hayohayo hawakuugua. Filmer alikwisha kuliandika hilo mwaka 1933. Maelezo yalikuja baadaye, vitamini B12 ilipotengwa mwaka 1948 na kukutwa ina kobalti ndani yake. Mnyama anayecheua anaishi kwa asidi zinazotengenezwa na vijidudu vya tumbo lake la kwanza, na kuzigeuza asidi hizo kuwa nguvu kunamdai vitamini hiyo kwa wingi. Farasi hacheui, mahitaji yake ni madogo mno, naye akanenepa pale jirani yake alipokufa. Ugonjwa huo haukuwa wa Australia peke yake. Nchini Kenya, ng'ombe wa Bonde la Ufa karibu na Nakuru walidhoofika kwa kukosa kobalti, na madaktari wa mifugo wa enzi ya ukoloni wakaubatiza ugonjwa jina la mji, Nakuruitis.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Elimu hiyo yote ilizaliwa kwa sababu mtu alisimama shambani muda wa kutosha akajiuliza kwa nini huyu amekonda na yule amenona. Marekani na Ulaya wameligeuza swali la namna hiyo kuwa sehemu ya malezi ya mwanachuo: likizo ndefu ikifika, mwanafunzi huenda kukaa kwenye shamba la farasi au la ng'ombe kwa wiki 8 au 10, akipima, akiandika, akikusanya kinyesi asubuhi na damu jioni chini ya uangalizi wa mwalimu wake. Hapa Kolwezi likizo kubwa, vakansi kama wengi tunavyosema, ina picha moja tu: kijana ameshika bahasha yenye barua ya kuomba staji, amesimama kwenye lango la kampuni ya madini. Ninachokitetea ni kwamba Lualaba itafaidika zaidi na mwanafunzi anayekaa kipwa kizima, yaani kiangazi chote, pamoja na mifugo ya wenyeji, na kwamba kazi hiyo iwekewe fedha, walimu na maabara kama tunavyoziwekea kazi nzito nyingine. Mifugo inayozunguka migodi yetu ndiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote cha kile kinachoingia mwilini mwa watu, na hadi sasa tunakiacha kipimo hicho kipite barabarani kikila majani yenye vumbi bila mtu kukisoma.

Farasi mwenyewe si mnyama wa Lualaba, na sababu inajulikana na kila mfugaji: mbung'o. Nagana inayoenezwa na nzi huyo iliwaua farasi, punda na nyumbu katika sehemu kubwa ya nchi hizi. David Livingstone alipofuata mto Ruvuma mwaka 1866 alileta ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda kwa nia ya kujua ni yupi atakayestahimili, na wanyama wake wakaisha njiani. Ndiyo maana misalaba ya shaba ya Katanga, enzi za mfalme Msiri na kabla yake, ilisafiri vichwani na mabegani mwa binadamu hadi pwani. Ng'ombe wa biashara walipoletwa huku miaka ya 1920 ili wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière wapate nyama, walipelekwa kwenye nyanda za juu kama Biano, ambako baridi na mwinuko wa nchi vinamzuia mbung'o. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kolwezi atakutana na mbuzi, kuku, bata, nguruwe, mara nyingine kondoo, na ng'ombe akisogea kaskazini-mashariki. Hakuna ubaya. Hata hivyo farasi ana somo moja ambalo watu wa shaba hatuna ruhusa ya kulisahau, na somo hilo linatoka Montana, Marekani.

Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Washoe kilianza kazi katika mji wa Anaconda mwanzoni mwa mwaka 1902. Kabla mwaka huo haujaisha, mifugo katika bonde la Deer Lodge ilianza kufa: ng'ombe, kondoo, farasi. Kampuni ililipa baadhi ya hasara na kujenga bomba refu zaidi la moshi, na moshi ukaenda kutua mbali zaidi. Mwaka 1905 wafugaji wakaenda mahakamani. Wanakemia wawili, William Draper Harkins na Robert Swain, walichunguza nyasi na mizoga, wakachapisha matokeo yao mwaka 1907 na 1908 kuhusu sumu ya aseniki kwa wanyama wanaokula majani. Mahali ambapo ushahidi ulionekana kwa macho matupu palikuwa pua ya farasi. Farasi anapolisha huingiza pua katikati ya nyasi na kuvuta pumzi hapohapo, kila tonge na pumzi yake, saa nyingi kwa siku. Vumbi la aseniki lililotua kwenye majani lilinasa kwenye ngozi laini ya ndani ya pua, likachimba vidonda, na wanakemia walipopima vidonda hivyo wakaikuta aseniki imo. Mtu asiyejua kusoma aliweza kumshika farasi wake kwa hatamu, akamwinua kichwa na kuuona moshi wa kiwanda umeandikwa pale. Pamoja na hayo wafugaji walishindwa kesi mwaka 1909. Kampuni ilikuwa na wataalamu wengi na fedha nyingi, nao wakulima walianza kukusanya ushahidi wakati ugomvi umeshaiva, kila kipimo chao kikionekana kuwa kipimo cha mdai. Naomba msomaji akiweke kichwani kipande hiki cha mwisho, kwa sababu nitakirudia.

Aliyechoka na mifano ya Wazungu ana mfano wa jirani. Kabwe, Zambia, ilichimba risasi na zinki kuanzia mwaka 1902 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Kwamba udongo wa mji umejaa risasi kulijulikana zamani. Kilichokosekana ni kujua risasi hiyo inapita wapi hasa kabla ya kufika kwenye damu ya mtoto, na waliokwenda kuifuata kwa subira walikuwa madaktari wa mifugo. John Yabe wa Chuo Kikuu cha Zambia, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani, walichapisha mwaka 2011 vipimo vya ini na figo za ng'ombe waliokuwa karibu na mgodi. Mwaka 2013 wakafuatia kuku wa kienyeji, wale wanaoparua uani na kumeza mchanga. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya watoto 246 wa vitongoji vya karibu na mgodi, wenye umri usiozidi miaka 7, na hapakuwa na hata mmoja ambaye damu yake ilikuwa chini ya mikrogramu 5 za risasi kwa desilita. Msururu huo wa ng'ombe, kuku, mtoto ni kazi ya kitivo cha mifugo. Hakuna sababu ya kimaumbile inayozuia kitu kama hicho kufanyika kati ya Kolwezi na Fungurume. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha utabibu wa mifugo, Kolwezi ina chuo kikuu chake, na barabara ya kutoka hapa hadi Likasi imepakana na mbuzi pande zote mbili.

Mtu atasema: mbona watu wenyewe wamekwisha kupimwa? Kweli, na waliofanya hivyo wanastahili heshima kubwa. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo kuliko wanaoishi mbali. Mwaka 2014 timu hiyo ilifuata njia zinazoileta kobalti mwilini, na vyakula vinavyolimwa hapahapa pamoja na vumbi vikajitokeza kuwa milango mikubwa. Mwaka 2018 wakaandika kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuka machimbo baada ya madini kukutwa chini ya nyumba mwaka 2014, na humo watoto ndio walioonyesha viwango vya juu. Lakini hebu tuangalie mkojo wa binadamu unaweza kutuambia nini. Mtu wa Kolwezi ameamka Kasulo, amefanya kazi Dilala, amekula bukari ya unga uliotoka Zambia na sombe iliyotoka bondeni, amekunywa maji ya sehemu tatu. Kipimo chake kinasema sumu imeingia, hakisemi imeingilia wapi. Mbuzi anakula katika eneo dogo linaloweza kuchorwa kwenye karatasi. Kuku haendi mbali na ua wake. Tena mnyama huchinjwa, na ini lake linaweza kupimwa, wakati hakuna mzazi wala sheria itakayomruhusu mtu kukata kipande cha ini la mtoto mwenye afya ili tu tujue. Mbuzi na kuku wanatupa ramani. Binadamu anatupa idadi ya walioumia, na idadi hiyo inakuja kwa kuchelewa.

Nitaeleza jinsi kazi yenyewe inavyoweza kuwa, maana wengi wakisikia utafiti wanafikiria koti jeupe. Likizo kubwa inaangukia katikati ya kipwa, na kipwa ndicho msimu wa vumbi. Malori ya madini yanapita, majani ya lengalenga kando ya njia yanabadilika rangi, na mwezi wa Agosti nyasi za juu zimeungua, hivyo mifugo inateremka mabondeni kutafuta kijani. Mabonde hayo ndiyo yanayobeba maji ya migodi. Bonde la mto Musonoi limepokea tope la kuchenjulia madini tangu enzi za Union Minière na Gécamines, na tope hilo lina shaba na kobalti kiasi kwamba leo lachimbuliwa na kuchenjuliwa upya kibiashara. Mwanafunzi anaanza kwa kutembea na kundi. Mbuzi wengi hufungwa kamba wakati wa mazao na kufunguliwa baada ya mavuno, kwa hiyo bila kutembea nao kutoka asubuhi hadi jioni huwezi kusema wamekula wapi. Mtafiti anayekuja kwa gari siku tatu kisha akarudi na masanduku ya sampuli hawezi kulifanya hilo. Mwanafunzi anayesema Kiswahili cha hapa, na Kisanga au Kilunda au Kichokwe cha nyumbani, analiweza. Anaandika ni jani gani, ni kisima gani, ni lundo gani la mawe ya mgodi ambalo mbuzi wamelamba chumvi yake. Anaokota kinyesi kibichi, anachukua maziwa kidogo, anasubiri siku ya kuchinja ili apewe vipande vya ini na figo.

Kisha kuna manyoya. Kwenye mashamba ya farasi wanafunzi hufundishwa kung'oa nywele chache za mkia pamoja na mizizi yake, kwa sababu unywele wa mkia wa farasi hukua karibu sentimita 2 kwa mwezi na kile kilichokuwa katika damu siku ulipokuwa ukichipua hubaki ndani yake. Unaulaza unywele mezani, unaukata vipande kuanzia kwenye ngozi, na kila kipande kinakuwa kama mwezi mmoja wa shajara: kipwa, masika, kipwa kingine. Mkia wa ng'ombe wa kule nyanda za juu unaweza kusomwa kwa njia ileile baada ya kupima kasi yake ya kukua. Manyoya ya mbuzi ni mafupi, hayatasimulia zaidi ya miezi michache, lakini miezi michache ndiyo urefu wa likizo. Na pale familia inapofuga kondoo, mwanafunzi ajifunze kumtazama kwa jicho la pekee. Kondoo ni dhaifu kwa shaba kuliko wanyama wengine wa kufugwa. Ini lake huihifadhi kimya kimya kwa wiki au miezi, mnyama akionekana mzima, hadi siku moja njaa, safari au baridi inapomtikisa na ini likaiachia shaba yote kwenye damu kwa mkupuo. Seli nyekundu zinapasuka, ufizi na weupe wa macho unageuka manjano, mkojo unakuwa mwekundu wa kukolea, na baada ya siku moja au mbili amekufa. Kijijini watasema ni ugonjwa wa ghafla, au watasema neno baya zaidi kuhusu jirani. Mwanafunzi aliyefundishwa dalili hizo atalifungua tumbo na kuziona figo zilizokolea weusi, na familia itapata jibu la kweli badala ya adui wa kubuni.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mzazi. Amemlipia mwanawe masomo kwa miaka, na anajua kwamba Lualaba mshahara unatoka mgodini. Utamwambiaje kijana aache lango la kampuni akachunge mbuzi? Sisemi kwamba staji za migodini zifutwe. Nasema nafasi hizo ni chache kuliko vijana wanaoziomba, na anayezikosa hurudi kukaa mtaani miezi miwili bila kujifunza chochote, na hasara hiyo haihesabiwi popote. Tena anayejua kukusanya sampuli bila kuichafua, kuifuatilia hadi maabara na kuandika ripoti inayosomeka ana ujuzi ambao kampuni zenyewe zinauhitaji. Sheria ya madini haitoi kibali bila tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na tathmini nyingi kati ya hizo huandikwa na wageni kwa sababu wenyeji hawakuandaliwa. Rais Tshisekedi amezoea kusema kwamba umefika wakati udongo ulipize kisasi kwa yale yaliyo chini ya udongo, akimaanisha kilimo kishike nafasi mbele ya madini. Kauli hiyo haiwezi kutimia mahali ambapo hakuna anayejua udongo wenyewe umebeba nini.

Pingamizi la walimu ni la ufundi, nalo nalikubali nusu. Wanasema mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakosea. Wanasema manyoya yana udhaifu unaojulikana: vumbi lililogandia nje linaweza kudhaniwa limetoka ndani ya mwili, na hapa vumbi ndilo lenye madini. Ni sahihi kabisa, na kwa Kolwezi udhaifu huo ni mkubwa kuliko mahali pengi. Ndiyo maana manyoya yasisimame peke yake. Yaoshwe kwa utaratibu mmoja, yalinganishwe na maziwa, damu na ini la mnyama yuleyule, na kila kundi la karibu na mgodi lipate kundi la kulinganisha lililo mbali upande upepo unakotokea. Mwalimu asipokuwepo kazi isifanyike. Lakini kosa la mwanafunzi linaweza kugunduliwa na kurudiwa kipwa kinachofuata. Kipwa kilichopita bila kipimo hakirudi. Kuna watakaosema tusubiri maafa yatuonyeshe penye hatari. Tarehe 18 Februari 2025 ukingo wa bwawa la tope la asidi la Sino-Metals ulibomoka Chambishi, Zambia, na samaki wakafa hadi kwenye mto Kafue. Hapo hakukuhitajika mtafiti. Sumu inayoingia kwa kijiko kidogo kila siku haina siku yake ya kutangazwa, na hiyo ndiyo ninayoihofia Lualaba.

Pingamizi la tatu ni la soko. Mama anayeuza maziwa au mbuzi wake barabarani atafanya nini jina la kijiji chake likisomwa redioni kwamba nyama yake ina risasi? Ameharibiwa na watu waliosema wanamsaidia. Hofu hii ni ya haki na wasomi wana tabia ya kuipuuza. Jibu langu ni utaratibu: matokeo yafike kwanza kwa mwenye mnyama, kwa Kiswahili, kabla ya gazeti na kabla ya mkutano wa kimataifa. Na yafike pamoja na ushauri unaotekelezeka, kwa sababu upo. Risasi na kadimi hujikusanya zaidi katika ini na figo kuliko katika nyama, hivyo familia inaweza kuendelea kula na kuuza mnyama wake ikiacha viungo hivyo, hasa kwa watoto na wajawazito. Mbuzi anaweza kuhamishwa bonde. Kuku anaweza kulishwa juu ya turubai au ubao badala ya kuokota nafaka kwenye mchanga. Maji ya kunyweshea yanaweza kubadilishwa hata kama mto hautasafishwa mwaka huu. Wala tusijidanganye kwamba ukimya unalinda soko. Uvumi upo tayari, kila mtu Kolwezi amesikia kwamba mboga za bonde fulani si nzuri, na uvumi hauwatofautishi wenye mboga safi na wenye mboga chafu. Kipimo kinaweza kumsafisha mtu pia.

Fedha ndipo pagumu zaidi, na hapa narudi Montana. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kampuni yenye mauzo ya dola bilioni 1 kwa mwaka inadaiwa dola milioni 3. Nauli, posho na vipimo vya wanafunzi kumi kwa kipwa kimoja ni sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Anayeogopa kwamba mwenye kulipa atanunua matokeo anaogopa kitu halisi. Lakini fungu hilo kwa sheria husimamiwa na chombo ambacho jamii ina wajumbe ndani yake, na wajumbe hao wanaweza kudai masharti matatu kabla ya kutia sahihi: mada ichaguliwe na chuo pamoja na kijiji, nusu ya kila sampuli ibaki chuoni kwa ajili ya kupimwa tena, na kampuni isiwe na haki ya kuzuia uchapishaji. Kiongozi wa kampuni mwenye busara ana sababu ya kuyakubali. Wafugaji wa Deer Lodge waliingia mahakamani na vipimo vilivyochukuliwa wakati wa vita, na kila upande ukaviita vya mwenzake uongo. Mwaka 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti nzito kuhusu maji yaliyochafuliwa karibu na migodi ya Kolwezi na Fungurume, na mvutano wa nani aaminiwe ukaanza papo hapo. Vipimo vilivyochukuliwa kila kipwa, mahali palepale, na mtu ambaye hakuitwa na upande wowote, ndivyo vitakavyokuwa na thamani siku ya ugomvi, kwa mfugaji na kwa mchimbaji pia.

Tuanze padogo. Chukua kijiji kimoja kando ya Luilu, kimoja kando ya Musonoi, na kimoja mbali, upande wa Biano, ambako ng'ombe wanalisha bila mgodi jirani. Wanafunzi wawili wawili, mmoja wa mifugo na mmoja wa kemia, walale kijijini, wasirudi mjini kila jioni. Mbuzi ishirini kila mahali, kila mmoja na namba sikioni, na jina la mwenyewe lihifadhiwe kwa mwalimu tu. Mwisho wa Septemba waondoke na mifuko yao ya kinyesi na manyoya. Mvua zikishaanza na vumbi kulala, warudi siku moja kwa mbuzi walewale wakachukue sampuli ya pili, na safari hiyo wawe na karatasi ya majibu ya kwanza mkononi, moja kwa kila mwenye mbuzi.